Mkono, Mahari na Mashahidi

Katika ndoa zinazofungwa mwambao huu, walii na bwana harusi hushikana mikono, na maneno ya kuoza na kukubali hutamkwa huku viganja vimekutana. Hakuna anayekidharau kitendo hicho. Lakini hakuna pia mzee wa ukoo atakayeridhika kurejea nyumbani bila ya kujua mahari ni kiasi gani na mashahidi ni nani. Mkono ni sehemu ya mkataba. Ukiwa peke yake ni maamkizi.

Swali la siasa halitofautiani sana na hilo. Kiongozi anapomnyooshea hasimu wake mkono mbele ya kamera, ni kitu gani hasa kilichotolewa? Wenye shaka wana jibu jepesi: vitendo vya hadharani ni maonyesho, na ukweli umo katika karatasi. Bahati mbaya historia ya Zanzibar inawakanusha. Muafaka wa 1999 baina ya CCM na CUF ulikuwa karatasi yenye saini, na mengi yaliyokuwamo hayakutekelezwa. Watu wakauawa katika maandamano ya Januari 2001. Ukaja Muafaka wa pili, uliotiwa saini Oktoba mwaka huo huo. Huo ulizaa matunda kadhaa, likiwemo la wapinzani kuwa na wajumbe katika Tume ya Uchaguzi, lakini uchaguzi wa 2005 nao ukaishia katika malalamiko yale yale. Kumbe saini nayo yaweza kuwa ishara tu, tena ishara yenye hadaa zaidi, kwa kuwa imevaa joho la sheria.

Ndipo, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Ikulu wakapeana mkono. Safari hii hapakuwa na msuluhishi wa kigeni wala hafla ya kutia saini. Aliyezoea kudanganywa alikuwa na kila sababu ya kutabasamu na kugeuka upande wa pili. Hata hivyo, Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kuelekea serikali ya pamoja. Tarehe 31 Julai wananchi wakapiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali, Agosti ikaja marekebisho ya kumi ya Katiba. Katika uchaguzi wa Oktoba Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif. Tofauti ya asilimia moja, katika visiwa ambavyo kura zilikuwa zikihesabiwa kwa hofu, na watu wakalala majumbani mwao salama.

Ni nini kilichoutofautisha mkono huu na saini zile? Yamkini ni rehani. Marekebisho ya 2010 yalimnyang'anya mshindi haki ya kutawala peke yake: Makamu wa Kwanza wa Rais alipaswa kutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, na uwaziri kugawanywa kwa kadiri ya viti vya Baraza. Aliyetoa mkono alikuwa ameweka kitu asichoweza kukichukua tena asubuhi ya pili yake. Hayo ndiyo mahari. Mashahidi walikuwa wale waliojipanga kwenye vituo vya kura, wakiwemo thuluthi waliosema hapana, maana shahidi si lazima awe mshangiliaji.

Neno lenyewe, maridhiano, lina kiambishi kinachowataka wawili: kuridhia ni kwa mmoja, kuridhiana ni kwa mmoja na mwenzake. Wapenzi wa lugha waliona uzuri wake mara moja. Ambalo neno halikusema ni wawili gani. Viongozi wawili? Vyama viwili? Au mpiga kura na yule anayemhesabia kura yake?

Huko ndiko rehani haikufika. Mkono ulipanga viti vya serikali vizuri mno, lakini imani ya watu juu ya hesabu ya kura, itokayo kabla ya viti, iliachwa kutegemea hisani ya wakubwa. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume alitangaza kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar, matokeo yakiwa bado hayajakamilika kutangazwa. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia, na nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais ikabaki wazi. Hapana kifungu cha serikali ya pamoja kilichofutwa katika Katiba. Vyote vilikuwamo, maandishi yake safi, na hapakuwa na mtu wa kuketi.

Itakuwa dhulma kusema kwamba mkono wa 2009 ulikuwa mchezo wa kuigiza. Uliokoa maisha ya watu ambao hawatajua kwamba waliokolewa. Lakini Maalim Seif aliporejea kuapishwa Makamu wa Kwanza, Desemba 2020, safari hii kupitia ACT-Wazalendo na baada ya uchaguzi mwengine ambao chama chake kiliulalamikia, picha ya viongozi wakitabasamu ilisambaa tena visiwani. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, na kiti chake kikajazwa kama Katiba ilivyoagiza. Juu ya kura kuhesabiwa vipi, na mbele ya nani, picha ile haikuwa na neno.