Wamoro Wasioonekana Pwani: Nahau za Kihispania na Dhamana ya Mfasiri wa Kiingereza

Tangu Eugene Nida alipotofautisha, mnamo 1964, ulinganifu wa umbo na ule wa athari, tafsiri ya nahau imeelekea kuchukuliwa kuwa suala la ustadi tu: kisawe kikipatikana, kazi imekwisha. Kwa nahau nyingi za Kihispania msimamo huu hauna madhara. Mhispania anayetaniwa huvutwa nywele, Mwingereza huvutwa mguu, na hakuna anayedhulumiwa nywele zinapogeuka mguu. Kwa Mhispania, ndege mmoja mkononi huwashinda mia warukao. Kwa Mwingereza, wawili walio kichakani. (Mswahili, asiyeacha mbachao kwa msala upitao, hahitaji ndege hata mmoja.)

Lakini ipo nahau "haber moros en la costa", yaani kuwako Wamoro pwani, ambayo huonya kwamba yupo mtu asiyepaswa kusikia yanayosemwa. Inapokanushwa, Kiingereza kina kisawe tayari: pwani i wazi. Maana imefika salama, na hata pwani imebaki. Waliotoweka ni Wamoro peke yao.

Usemi huo unahusishwa na karne ambazo wakazi wa pwani ya Mediterania ya Uhispania walikesha minarani wakiwachungulia maharamia kutoka Afrika ya Kaskazini. Hofu yao ilikuwa na sababu: Cervantes mwenyewe alitekwa baharini mwaka 1575, akakaa mateka Algiers miaka mitano. Hata hivyo, kati ya 1609 na 1614 dola ya Uhispania iliwafukuza Wamorisko, wazao wa Waislamu waliobatizwa, watu ambao wengi wao hawakuwa maharamia wala wageni. Maneno matano yamehifadhi hofu na chuki kwa pamoja.

Itajibiwa kwamba mzungumzaji wa leo hamfikirii Mmoro yeyote. Hoja hiyo ina uzito, ila haifiki mbali. Ichukuliwe tashbihi "trabajar como un negro", kufanya kazi kama mtu mweusi, ambayo mfasiri wa Kiingereza aweza kuigeuza kuwa kufanya kazi kama mbwa. Kinywani mwa mwenye shamba la miwa nchini Kuba, ambako utumwa ulikomeshwa mwaka 1886, tashbihi hiyo ni ungamo. Kumweka mbwa hapo ni kumsitiri mhusika ambaye mwandishi alimwacha wazi makusudi. Kinywani mwa mpishi aliyechoka katika riwaya ya leo, kisawe huenda kikatosha, ingawa hata hapo mfasiri amekwisha kuamua kwa niaba ya msomaji.

Katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1615, Ricote, Mmorisko aliyekuwa jirani yake Sancho, anarejea kwa siri akiwa amejigeuza hujaji. Sancho anakataa kumsaidia kufukua hazina yake, lakini hamsaliti. Wanakula na kunywa pamoja kando ya njia. Mmoro huyu ana jina, ana mke na binti. Msomaji wa Kiingereza aliyezoeshwa pwani tupu hukutana naye bila kujua ni nani aliyekuwa akiogopwa.