Mfupa Uliovunjika na Hasira Yetu

Wahenga walinena, hasira hasara. Na wengi wetu tumelishika neno hilo hata tukadhani ya kuwa nyumba njema ni ile isiyosikiwa sauti ya ukali kamwe. Lakini je, kila hasira ni adui wa amani? Juma hili twapenda kulitafakari swali hilo tukianzia mahali ambapo pengine wasomaji wetu hawakupatarajia, yaani katika mfupa uliovunjika.

Mtoto akianguka mwembeni akavunjika mkono, damu huvilia ndani, kisha mkono huvimba, hupata moto na kuuma. Mzazi huuona uvimbe ule kuwa msiba juu ya msiba. Kumbe kuna kazi inayoanza. Seli za kinga ya mwili zina vipokezi, navyo ni kama masikio: hupokea habari za vijidudu, na hata za mabaki ya seli zilizopasuka. Zikiisha kupata habari, seli hizo hutoa kemikali za kupiga mbiu, na mojawapo huitwa TNF. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo: huita askari wa kuondoa uchafu, na huwafikia pia mafundi, yaani seli shina zikaazo katika uboho na katika utando uufunikao mfupa. Seli shina nazo zina vipokezi vyake. Zikiamshwa, hujenga kwanza gegedu, kisha mfupa wenyewe.

Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walitoa habari za panya wasio na vipokezi vya TNF. Mtu angedhani kwamba panya hao, kwa kuwa hawaisikii mbiu ile, wangepona upesi. Ikawa kinyume: mifupa yao iliyovunjika ilichelewa kuunga, kwa maana mafundi walichelewa kazini.

Lakini tutazame na upande wa pili. Katika baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwili huo huo, mbiu ile ile haikomi. TNF huzidi miezi na miaka, ikachochea seli zinazobomoa mfupa, hata vidole vikapinda. Ndiyo maana tangu mwisho wa miaka ya 1990 wagonjwa wengi wamepata nafuu kwa dawa za kuizuia. Basi, kitu kimoja chajenga kikija kwa wakati wake, na chabomoa kikikataa kuondoka.

Hatusemi kwamba mwili ndio mwalimu wa maadili. La hasha! Seli haina dhamiri wala hiari. Mwanadamu anazo, naye atatoa hesabu. Lakini mfano huu watusaidia kuyaelewa mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha kwamba hasira inayoifuata akili si dhambi, na kwamba kukosa hasira pale akili inapoidai kwaweza kuwa kosa.

Tuseme ndugu mmoja amemnyang'anya mjane shamba, na ukoo mzima umenyamaza ili kulinda amani. Je, hiyo ni amani? Huo ni mfupa uliovunjika usiovimba, nao hautaunga. Mficha maradhi kilio humfichua. Yafaa basi mmoja asimame, aseme kwa ukali wa haki: shamba hili si lako.

Tuseme tena kwamba ndugu yule amekiri, ameomba radhi, na shamba limerudishwa. Hata hivyo kila arusi na kila matanga kosa lile hufukuliwa upya, na watoto wa nyumba mbili hawasalimiani. Hasira iliyokuja kuponya sasa yaula mfupa wenyewe.

Kipimo ni kipi? Si ukubwa wa sauti, wala uchungu wa moyo. Uvimbe ulio mwema hufungua njia kwa mafundi, kisha huwapisha wafanye kazi. Vivyo hivyo nasi, kabla ya kuinua sauti, na hasa baada ya kuiinua, yatupasa kujiuliza: hasira yetu yawaita mafundi, au yawafukuza? Na mafundi wakiisha kufika, je, tu tayari kunyamaza?