Usalama wa Jana Usikughuri

Ndugu zangu katika imani, wake kwa waume, nawausia, na nafsi yangu kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu katika amana ya roho za watu. Kwani umri ni mfupi, mauti hayana miadi, na hisabu ya Mola haina hitilafu.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA, safari nambari 514, ilikuwa ikiuendea uwanja wa Dulles, karibu na Washington, katika mawingu mazito na upepo mkali. Marubani waliporuhusiwa kuukaribia uwanja walifahamu kwamba wamehalalishiwa kushuka hadi futi 1,800. Mwongoza ndege naye alidhani kujihadhari na milima ni juu yao. Ndege ikaupiga mlima wa Virginia, na watu wote 92 waliokuwamo wakafariki. Linaloniumiza zaidi ni hili: wiki sita kabla, marubani wa shirika jingine walikuwa wameifahamu ruhusa vivyo hivyo, mahali pale pale, wakanusurika kwa rehema. Walitoa taarifa kwao, na shirika lao likawatahadharisha marubani wake. Jirani hakuambiwa.

Elimu ya kuziokoa roho zile ilikuwapo, enyi waja wa Mungu, imehifadhiwa katika vifua vya waliosalimika!

Basi usalama wa jana usikughuri. Kufika salama si ushahidi kwamba njia ilikuwa salama. Huenda ni muhula tu uliopewa ili utanabahi, nawe ukaudhania kuwa ni fadhila ya ustadi wako.

Baada ya msiba ule, mwaka 1976, mamlaka ya anga ya Marekani ilianzisha utaratibu wa kupokea taarifa za siri, ikaukabidhi kwa NASA, isiyo na mamlaka ya kumwadhibu rubani yeyote. Jina la mtoa taarifa hufutwa, funzo lake likatangazwa kwa wote. Naiona hekima kubwa hapo: aliyekosa bila kusudi husitiriwa, na kosa lenyewe halifichwi.

Miaka ya 1990 wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Texas walikwenda mbele zaidi. Hawakungoja mabaki ya ndege. Wachunguzi waliofunzwa walikaa nyuma ya marubani katika safari za kawaida kabisa, wakaandika bila majina hatari zilizojitokeza, makosa yaliyotendeka, na namna yalivyotambuliwa na kusahihishwa kabla hayajaleta madhara. Wakaona kwamba safari nyingi zilizotua kwa amani zilikuwa na makosa ndani yake. Huko ndiko kuihasibu nafsi siku ya neema, nasi tumezoea kuihasibu baada ya mazishi. Aliyesalimika asighafilike, kwani mghafala wa aliyesalimika ndio huwa msiba wa anayemfuata.

Miongoni mwenu wamo mafundi wa ndege, marubani, waongoza ndege na wapakia mizigo. Boliti iliyokutwa imelegea ikakazwa kimya kimya, amri ya redio iliyosikika nusu, mzigo uliofungwa vibaya ukarekebishwa dakika ya mwisho: hayo nayo ni amana, na mtaulizwa kwayo. Nanyi wakubwa wa kazi, mnapomfedhehesha mkweli mmoja mnawanyamazisha wenzake wote, na dhima ya kimya chao iko shingoni mwenu. Mwenye habari ya namna hiyo aifikishe kabla ya zamu yake ijayo, naye asikilizwe bila kukaripiwa.