Fungu la 15 Lilipogeuzwa Ngao

Soma Mathayo 18:1–17.

Nilipokuwa nikisomea stashahada ya theolojia, kuna kitabu nilichokipigia mistari karibu kila ukurasa. Kilihusu Yesu na siasa, kilitoka mwaka 1972, na mwandishi wake alikuwa John Howard Yoder, Mmennonite wa Marekani. (Ndugu zetu wa Mara wanawajua Wamennonite, wamekuwa Shirati tangu 1934.) Baada ya Vita Kuu ya Pili alihudumu Ufaransa kati ya watoto walioathiriwa na vita. Alifundisha kwamba agizo la kuwapenda adui si la watakatifu wachache bali ni mwenendo wa kanisa zima, hata mbele ya serikali.

Lakini huyu aliyekataa mabavu aliwatenda wanawake mabavu. Tangu miaka ya 1970 aliwanyanyasa kingono wanafunzi na wanawake wengine. Inakadiriwa walizidi 100. Mwaka 1984 aliondoka kimya kimya katika seminari ya kanisa lake kule Elkhart, Indiana, akaendelea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Aliwekwa chini ya marudi mwaka 1992, baada ya wanawake wanane kusimama pamoja. Alifariki 1997. Seminari ilifanya ibada ya maombolezo na kukiri kosa lake mwaka 2015.

Sasa rudi kwenye fungu la 15. Yoder aliwahi kuandika juu ya fungu hili, na watu walimsifu. Alipolaumiwa, alilishika kama ngao: mwenye neno juu yangu aje kwanza kwangu, tuzungumze sisi wawili. Hebu tafakari. Binti arudi peke yake katika ofisi ya profesa aliyemvunjia heshima, kwa sababu eti Maandiko yamesema!

Sura hii haianzii fungu la 15. Inaanza na mtoto aliyesimamishwa katikati, kisha lile jiwe la kusagia la fungu la 6, kisha kondoo mmoja aliyepotea. Anayelisoma fungu la 15 bila la 6 amempa mwenye nguvu ufunguo wa mlango. Na hata fungu la 15 halikusudii siri ya kudumu. Mafungu mawili yanayofuata yanaleta mashahidi, kisha kanisa.

Naandika haya kwa uchungu. Miaka iliyopita, nikiwa kijana katika baraza la kanisa mahalia, tuliletewa malalamiko ya msichana wa kwaya dhidi ya kiongozi. Mmoja wetu akauliza kama amekwisha kumwendea ndugu huyo peke yake. Hakuwa amemwendea. Shauri likarudishwa, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyoinuliwa. Yule msichana hakurudi, si barazani wala kanisani.

Kitabu cha Yoder bado ninacho. Upendo kwa adui haukutoka kwake, ni wa Mathayo 5:44, wala sioni sababu ya kuuacha. Ila sikifundishi tena bila kuwataja wale wanawake.

Jadilini: Katika kanisa lenu, msichana kama yule angemwendea nani leo, na je, anamjua mtu huyo kwa jina?