Nani Aijuaye Haja ya Mteja?

Limo ndani ya kazi ya watoao huduma za kompyuta swali moja ambalo mafundi hulipita kwa haraka na wanafalsafa hawajapata kulimaliza, nalo ni hili: je, yamkini mtu kuijua haja ya mwenziwe, na ikiwa yamkini, huijua kwa njia gani? Idara ya serikali ya Uingereza iliyosimamia kompyuta na mawasiliano, ilipoona katika miaka ya 1980 kwamba kila ofisi ya umma inaendesha mitambo yake kwa desturi yake yenyewe, ilikusanya taratibu zilizokwisha kujaribiwa ikazitia vitabuni, na kutokana na vitabu hivyo, ambavyo vilianza kutoka mwaka 1989, ulipatikana mkusanyo wa maarifa uitwao ITIL, ulioenea duniani hata ukawa marejeo ya wenye kazi hiyo. Toleo la mwaka 2007 lilieleza kwamba huduma ni kumfikishia mteja thamani kwa kumrahisishia matokeo anayoyataka, pasi na yeye kujitwika gharama na hatari fulani. Toleo la mwaka 2019 likaongeza kwamba thamani hiyo huundwa na wote wawili kwa pamoja. Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana aliyekubali kwamba thamani huundwa na wawili amekwisha kukubali, apende asipende, kwamba hakuna kati yao aliyekuwa nayo kamili kabla ya kukutana.

Rai ya kale ni nyingine. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri yake, alihukumu vivyo hivyo kwa njia ya hoja: mpiga zumari ndiye mwenye ilimu ya zumari njema na mbaya, naye fundi anayeichonga hana ila itikadi sahihi, anayoipata kwa kumsikiliza yule aitumiaye. Hukumu hii ina adabu ndani yake, kwa kuwa inamshusha fundi kutoka katika kiti cha kiburi, na laiti ingalifuatwa walau hiyo, watu wengi wangalisalimika na programu zilizobuniwa na watu ambao hawajapata kukaa hata saa moja kando ya karani. Walakini inadhania kwamba mtumiaji anayo haja yake kifuani, imekamilika, inangoja kuulizwa. Na juu ya dhana hiyo umejengwa mwenendo wa maofisi wa kuandika orodha ya mahitaji, kuitia sahihi, na kwenda zao.

Mambo yaliyotukia Kenya yanaitia dhana hiyo shakani. Mwezi wa Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone, kwa kusaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, walianza kujaribu Nairobi na Thika huduma ya M-Pesa, iliyokusudiwa jambo moja: wakopaji wadogo wa taasisi ya Faulu walipe mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakalipa, lakini haukupita muda wakaanza kutenda mengine ambayo hakuna aliyewafundisha. Wenye biashara waliweka mapato yao jioni, benki zimekwisha kufungwa, wakayatoa asubuhi. Wasafiri waliweka fedha mwanzo wa safari wakazipokea mwisho wake, wasije wakanyang'anywa njiani. Mwanamke mmoja, ambaye mumewe aliporwa, alimtumia nauli ya kurudi nyumbani. Hakuna kati ya hao ambaye, lau angaliulizwa mbele, angaliweza kuiandika haja hiyo katika orodha, si kwa ujinga, bali kwa kuwa haja haikuwa na umbo kabla ya kupatikana chombo cha kuielekea. Na taasisi yenyewe, iliyokuwa mteja wa kwanza, iliona uzito kuyapatanisha malipo hayo na hesabu zake. Waliosimamia jaribio, Nick Hughes na Susie Lonie, walikuwa na insafu ya kuyaamini macho yao kuliko mpango wao: huduma ilipotolewa kwa watu wote Machi 2007, mikopo iliachwa, na tangazo likawa la kutuma pesa nyumbani, basi.

Maarifa ya namna hiyo hayapakiwi marikebuni. Hata Tanzania, ambako huduma ile ilianza mwaka 2008 na baadaye ikashamiri, haikushika mwanzoni kwa kasi ya Kenya. Na Afrika Kusini, ilikopelekwa mwaka 2010 na kukuta watu wengi wana benki tayari, ilifungwa mwaka 2016. Yakini iliyopatikana Nairobi ilikuwa yakini ya Nairobi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akieleza maslahi ambayo sheria huyalinda, aliyapanga katika daraja tatu: yaliyo dharura, yaliyo haja, na yaliyo pambo na ukamilifu. Hakuwaandikia wenye mitambo, nami naiazima mizani yake kwa hadhari. Lakini inanifaa kueleza jambo ambalo kila aliyepata kukaa kwenye dawati la msaada analijua, kwamba mteja husema kwa sauti ya juu yale ya daraja ya tatu na hunyamaza juu ya yale ya kwanza. Muuguzi ataomba maandishi ya skrini yakuzwe. Hatoomba kamwe kwamba majalada ya wagonjwa yafunguke usiku wa manane, maana hilo analihesabu limo tayari katika mapatano, ijapokuwa hakuna aliyepatana naye.

Ndiyo sababu mikataba ya viwango vya huduma hupotosha. Imeandikwa kwamba simu ipokelewe ndani ya dakika kadhaa na kasoro iondolewe ndani ya saa kadhaa; ripoti ya mwezi inatoka, kila mstari una rangi ya kijani, ilhali watumiaji wamejaa ghadhabu. Wenye kazi huziita ripoti hizo tikiti maji, kijani nje na nyekundu ndani, nami sijaona jina linalostahiki zaidi. Wala hapana aliyesema uwongo. Kilichopimwa ni bidii ya mtoa huduma, na haja ya mteja haikuwekewa mahali pa kuandikwa.

Atauliza mtu: ikiwa haja hudhihirika katika matumizi, je, si bora mtoa huduma atazame kila kitu, asiache ujumbe wala muamala? Hapa nasimama. Sura ya Hujurat imekataza kupelelezana, na katazo hilo halikumtoa mfanyabiashara mwenye nia njema. Kuijua haja ni jambo moja na kuijua siri ni jingine, ijapokuwa leo zote mbili hulala katika seva moja, na mwenye seva ana ushawishi mkubwa wa kuzichanganya. Yule mwanamke wa nauli alihitaji kiasi cha fedha kifike salama kwenye namba ya simu; chombo kilimhudumia pasi na kumwuliza mumewe amepatwa na nini, wala waliokibuni hawakuwa wamemfikiria. Haja yake ilitimizwa na watu wasioijua, na ilitimizwa vyema, kwa sababu ndani ya chombo chao ilikuwamo nafasi ya jambo ambalo hawakulikusudia, nao, lilipotokea, hawakulizuia.