Dhamana ya Kidole Gumba

Kujua kusoma ni nini? Mtoto wa darasa la pili atakujibu kuwa ni kuzitambua herufi na kuziunga hata zikawa maneno. Jibu lake si baya, lakini ni jibu la mlangoni, na nyumba ya elimu ina vyumba vingi. Nataka, msomaji mpenzi, tuingie pamoja katika chumba kimoja ambacho watu wa zama zetu hukipita bila kuchungulia. Swali lililomo ni hili: mtu akubalipo maneno asiyoyasoma, hali uwezo wa kuyasoma anao, je, amejikosea nafsi yake tu, au amewadhulumu na wenziwe?

Nitaanza na habari ya nchi yetu hii ya Bonde la Ufa. Usimamapo ukingoni mwa kreta ya Menengai ukatazama kusini, utauona mji wa Nakuru na ziwa lake, na mbele yake nchi iendayo upande wa Naivasha. Malisho hayo yalikuwa ya Wamasai. Mwezi wa Agosti 1904 wazee wao walifanya mapatano na serikali ya Waingereza. Walikubali kuliacha Bonde, ili nchi iliyo kando ya reli wapewe walowezi, nao Wamasai wakae katika sehemu mbili, moja ya Laikipia na moja ya kusini. Hati iliandikwa kwa Kiingereza. Wazee waliyapata maneno yake kwa vinywa vya wakalimani, wakaweka alama zao. Iliandikwa kuwa mapatano hayo yatadumu maadamu Wamasai wangaliko duniani. Hayakudumu hata miaka kumi. Mwaka 1911 ilitolewa hati nyingine, na watu wa Laikipia wakatakiwa kuhama tena, waende kusini.

Miongoni mwa walioweka alama alikuwamo Parsaloi Ole Gilisho. Mzee huyu hakuwa mtu wa skuli, lakini alifanya jambo ambalo wasomi wengi hawalifanyi: aliuliza hati ile imewafunga akina nani, na kwa haki gani. Yeye na wenziwe wakatafuta mawakili, wakaishtaki serikali. Mwaka 1913 shauri lao lilitupwa. Majaji walisema kuwa hati zile zilikuwa mikataba baina ya mataifa, na kwamba mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Hasara hiyo haikuishia kwa wale walioweka alama. Iliwafikia watoto waliokuwa migongoni mwa mama zao, na wajukuu ambao hawajazaliwa. Hilo ndilo nitakalo ulishike: alama ya mtu mmoja yaweza kuwafunga watu wengi.

Sasa kitazame kidole gumba chako. Leo kidole hicho huweka alama juu ya kioo cha simu. Programu mpya iingiapo katika simu huleta kurasa za masharti, na chini kabisa huweka neno moja: Nakubali. Katika chuo cha ualimu nifundishapo niliwauliza wanafunzi wangu ni nani kati yao aliyepata kuyasoma masharti hayo hata mwisho. Hakuna aliyeinua mkono. Nami, mwalimu wao, sikuinua wangu.

Mwaka 2019 mtoto wangu aliugua, na mshahara ulikuwa haujaingia. Nikapakua programu ya mikopo, nikabonyeza Nakubali mara tatu kwa haraka, na kabla maji ya chai hayajachemka nilikwisha pata shilingi 3,000. Nilichelewa kulipa kwa siku nne. Siku ya tano shangazi yangu wa Njoro alinipigia simu akilia. Alikuwa ameletewa ujumbe kwamba mimi ni mdaiwa sugu, na kwamba anihimize nilipe. Ujumbe kama huo ulimfikia mwalimu mwenzangu wa Gilgil, na mzazi wa mwanafunzi mmoja. Niliwaka hasira, nikasema kuwa watu wale wameiba majina ya jamaa zangu. Kisha nikayafungua masharti, nikayasoma kwa mara ya kwanza. Hawakuiba. Katikati ya aya ndefu palikuwa na maneno kwamba naruhusu orodha yote ya majina na namba zilizo katika simu yangu isomwe na itumiwe. Niliitoa mwenyewe. Shangazi hakukopa hata senti moja, lakini jina lake nilikuwa nimeliweka rehani.

Hapo nilipata jibu la swali langu. Nilikuwa nikidhani kuwa simu ni yangu, na kwa hiyo hasara yake itakuwa yangu. Lakini simu ya mtu imejaa watu. Mna majina yao, picha zao, siri walizomwandikia na mahali wanapokaa. Atoaye ruhusa ya kuifungua hutoa pia vitu alivyowekewa amana na wengine, na amana haina ruhusa ya kutolewa kwa kubahatisha.

Yamkini utanijibu hivi: “Mwalimu, masharti hayo huandikwa marefu makusudi, kwa lugha ya mawakili. Tena nikikataa, huduma sipati. Hatia ni ya aliyeyaandika.” Maneno yako yana haki ndani yake. Aandikaye ili asieleweke ana hatia kubwa kuliko asiyesoma, na sheria ya Kenya imekwisha kuliona jambo hilo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka ridhaa itolewe kwa hiari na kwa kujua, nayo humwachia mkusanyaji mzigo wa kuthibitisha kuwa aliipata. Kanuni za mwaka 2022 zimewakataza wakopeshaji wa simu kuwaandama jamaa wa mdaiwa kwa kutumia orodha yake ya namba. Tena mwishoni mwa Julai 2023 watu wengi walipanga foleni Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha kwa mashine za Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Mapema Agosti serikali ilisimamisha kazi hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe, kwa kuwa haikukusanywa kwa njia ya halali.

Lakini angalia: kati ya foleni ile na hukumu ile ilipita karibu miaka miwili. Sheria hufika na taa baada ya mtu kujikwaa. Na hatia ya mwenye nguvu haiufuti wajibu wa mnyonge. Mama aliyetumwa na majirani kuwanunulia unga sokoni, akapunjwa kwa mizani mbovu, hana dhambi ya mchuuzi. Hata hivyo, kama hakuitazama mizani, atakuwa na la kuwajibu majirani. Wazee wa mwaka 1904 walikuwa na udhuru, kwa kuwa hati haikuwa ya lugha yao. Sisi tumekaa darasani miaka mingi. Asiyeona akijikwaa huhurumiwa. Afumbaye macho njiani, je?

Sikuambii usome kurasa hamsini kila siku. Nakuomba utafute majibu manne kabla hujabonyeza. Watachukua nini? Ni changu, au ni cha mwenzangu? Watampa nani? Nikitaka kujitoa, mlango uko wapi? Programu ya tochi ikikuomba namba zote ulizonazo, jiulize tochi inamtakia nini shangazi yako. Palipo na maneno usiyoyaelewa, uliza kama alivyouliza Ole Gilisho. Kuuliza si ujinga. Na jibu lisipopatikana, kumbuka kuwa lugha ina neno jingine lenye heshima yake, nalo ni “Sikubali.”

Nina neno moja la mwisho, nalo ni lako wewe uliye skuli. Katika nyumba nyingi za Molo, Subukia na Bahati, kijana wa sekondari ndiye msomaji wa ukoo. Jioni moja nyanya yako atakupa simu yake akuambie, “Hebu nibonyezee hapa, mjukuu wangu.” Saa hiyo wewe ndiwe mkalimani. Kidole kitakuwa chako, lakini alama itakuwa yake. Msomee kwanza, kwa lugha anayoielewa, kisha umwachie yeye aseme ndiyo au la.