Mjenzi Asiyeketi Kwanza

Somo: Luka 14:28–30

Mwezi huu twataka kutafakari pamoja nanyi habari ya mtu yule ambaye Bwana wetu alimtaja alipokuwa akisema na makutano. Mtu huyo alitamani kuwa na mnara, akaweka msingi, kisha mali yake ikamwishia katikati ya kazi. Na kila aliyepita njiani akamcheka. Bwana hakumlaumu kwa kutaka kujenga. Kosa lake ni kuanza kazi kabla ya kukaa chini na kupiga hesabu.

Sisi tukaao huku hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta mnara wa namna hiyo. Wazee wa Nachingwea waliwasimulia watoto wao habari za karanga. Baada ya vita kuu ya pili watu wa Uingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Basi mwaka 1946 wakaja wajumbe kukagua nchi, wakaizunguka kwa majuma tisa tu, wakaandika kwamba yafaa kufyeka pori ekari milioni tatu na zaidi na kupanda karanga. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo, na kwetu Nachingwea. Yakaletwa matrekta mengi, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa miti.

Je, mambo yalikuwaje? Kule Kongwa mvua ilikuwa haba, na udongo wake ukikauka hushupaa kama saruji, hata karanga zilizoiva hazikuchimbika. Kwetu mvua ilikuwa afadhali, lakini msitu ulikuwa mnene, bandari haikuwa tayari, wala reli haikuwako. Ikabidi bandari ijengwe Mtwara na reli ielekezwe Nachingwea, hali mavuno yenyewe hayajaonekana. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule, na paundi milioni 36 hivi zikawa zimepotea. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962, vyuma vyake vikang'olewa. Bandari ya Mtwara imebaki na yafanya kazi hata leo. Lakini mnara uliokusudiwa haukusimama.

Ndugu, tusiwacheke watu wale. Walitaka kuwalisha wenye njaa, na nia hiyo si mbaya. Lakini waliiendea ardhi kama askari aendeavyo vita. Mwenyezi Mungu alipomweka mtu katika bustani, alimpa kazi mbili pamoja, kuilima na kuitunza, wala hakumpa ruhusa ya kuchagua moja na kuiacha ya pili.

Sasa na tujitazame sisi wenyewe. Kila mwaka, kiangazi kikiisha, moshi hupanda katika misitu yetu. Twafyeka, twachoma, twapanda ufuta, kwa kuwa ufuta hulipa. Baada ya misimu michache udongo huchoka, magugu huzidi, nasi twahamia pori jingine. Tena, tupatapo fedha za ufuta na korosho, mara nyingi twazila zote, hata chakula tulichovuna twakiuza. Kisha ifikapo miezi ya njaa, kabla mavuno mapya hayajawa tayari, twanunua unga kwa bei ya juu. Twakiri mbele zenu kwamba sisi tuandikao haya tumefanya vivyo hivyo, na aibu yake twaijua. Je, huyo si yule mjenzi asiyeketi kwanza?

Jambo hili limekuwa zito kuliko zamani, maana majira yenyewe yamebadilika tabia. Wataalamu watufundisha kwamba moshi wa viwanda na magari, hasa wa nchi tajiri, umeitia dunia joto, na kwamba ukame na mvua za ghafula vyazidi. Sehemu yetu katika kosa hilo ni ndogo mno, na ni haki kudai kwamba wenye kosa kubwa wachukue mzigo mkubwa. Hata hivyo tufani haiulizi ni nani aliyekosa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga nchi ya jirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Mafia, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, wasafiri na mizigo wakakwama.

Yusufu, mwana wa Yakobo, hakuwa na uwezo wa kuizuia njaa isije Misri. Lakini katika miaka ya shibe alitenga sehemu ya tano ya mavuno, akaiweka ghalani. Na kwa hekima hiyo wakapona Wamisri, na ndugu zake waliomwuza pia. Imani yake haikumfanya akae bure. Ilimfundisha kujenga vihenge.

Tena kuna jambo la kututia moyo. Zao lile lililoyashinda matrekta limetiishwa kwa uvumilivu. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walitoa mwaka 1998 mbegu ya karanga iitwayo Pendo, ikomaayo mapema; na mwaka 2009 wakatoa nyingine, na mojawapo ikapewa jina la Nachingwea. Mbegu hizo zilijaribiwa mwaka baada ya mwaka katika udongo na mvua za huku. Hivyo ndivyo kuketi kwanza.

Vivyo hivyo kuna vijiji vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale vilivyotenga misitu yao kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Wanakijiji huilinda, huvuna miti kwa kipimo, na fedha yake hufanya kazi za kijiji. Msitu huo huendelea kuwanyeshea baraka watoto wasiozaliwa bado.

Basi yatupasa nini? Kila nyumba na iweke kihenge chake, na sehemu ya chakula isiuzwe hata mnunuzi akija na fedha mkononi. Mihogo, mtama na mbaazi zisiachwe kwa ajili ya zao moja la fedha. Kabla ya kushika shoka, baba na mama waketi pamoja na kuulizana kama shamba la zamani haliwezi kuponywa kwa samadi na kubadili mazao. Na wazee wa usharika wasione haya kuyanena haya mbele ya madhabahu, kwa kuwa mwenye njaa huja kwanza kubisha hodi kwa jirani yake Mkristo.

Ee Bwana, uliyeumba mvua na udongo, utusamehe haraka yetu. Utupe moyo wa kuketi mbele zako kabla ya kuinuka na kujenga, ili wanetu wapitao njiani wasitucheke, bali wapate kivuli na kushukuru. Amina.